Munyu wa Kukhu

Juzi jirani yangu hapa mtaa wa Tena alichoma maganda ya maharagwe nyuma ya nyumba. Wajukuu wangu wakafunga dirisha mbio, eti moshi. Mimi nikalifungua. Niliuvuta ule moshi mpaka kifua kikajaa, maana ulimleta Kukhu mzima mzima, bibi yangu, mama wa baba.

Kukhu alikuja kukaa nasi Makongeni, kwenye nyumba za reli, baada ya babu kufa. Alikuja na kuku mmoja, mwiko wake na kopo lililotobolewa chini. Ndani ya kopo alitia majivu ya maganda ya maharagwe, akamwagia maji, yakadondoka polepole, rangi yake kama chai isiyo na maziwa. Maji hayo ndiyo munyu. Mboga ya mrenda bila munyu ni nyasi tu. Ukiuzidisha, unakula sabuni. Lakini ukiupima sawasawa, nisikudanganye, unalamba sahani. Kukhu aliupima kwa jicho. Baba alipomwambia apumzike, alimjibu, "Wewe una pensheni ya reli. Mwiko hauna pensheni."

Basi Jumamosi moja mrenda ukatuchoma ulimi. Tukacheka. Jumamosi iliyofuata ukawa mbaya zaidi, na mama aliona mwenyewe: Kukhu alitia munyu, akafunika sufuria, akapepea jiko, kisha akafunua na kutia tena kama ndiyo kwanza anaanza.

"Mama, leo unataka kutuosha matumbo?" baba alimtania tukila.

Kukhu hakucheka.

Mama yangu hakuwa mtu mbaya. Alimwondolea mwiko mkononi kwa upole, akasema, "Umefanya kazi ya kutosha, mama. Kaa, tukupikie."

Kukhu akakaa. Alikaa kweli. Mwanamke ambaye sauti yake ilisikika mpaka kwenye mabomba ya maji aligeukia ukuta, akanyamaza. Kitambaa hakufunga tena kichwani. Sahani aliisukuma kando. Akaanza kuniita kwa jina la shangazi yangu, halafu akaacha kuniita kabisa. Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea, na mmoja akanong'ona kwamba amerogwa. Baba akaanza kusema heri arudishwe ushago, kule kijijini, kwenye nyumba isiyo na hata mtu wa kumwashia moto. Mtoto kama nilivyokuwa, nilijua huko hatamaliza msimu mmoja wa mvua.

Aliyetuokoa ni Mama Ndinda, jirani yetu Mkamba, mdomo wake hauna mlango. Alimtazama Kukhu, akamgeukia mama.

"Huyu hajarogwa. Mmemnyang'anya mwiko."

"Anasahau, Mama Ndinda! Atatuua na munyu."

"Si mmpe mtu wa kumkumbushia? Huyu msichana wenu kazi yake nini, kumaliza mkate?"

Ndivyo nilivyopata kazi. Mama alimrudishia Kukhu mwiko, nami nikakaa kwenye kistuli kando ya jiko, kikombe cha munyu mkononi. Kukhu alichukua kikombe, akatia, akanirudishia kama fundi anayemrudishia msaidizi nyundo. Akakoroga. Akakoroga tena. Kisha, bila kunitazama:

"Nimetia?"

"Umetia, Kukhu."

"Umeona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Haya. Futa kamasi basi, usituongezee chumvi."

Siku hiyo alikula. Akajimegea na ugali mwingine.

Hakupona, sitawadanganya. Kuna asubuhi alimgombeza babu, marehemu, kwa kuchelewa chai. Kuna siku alikaa kimya, tukamwacha na kimya chake. Lakini kitambaa kilirudi kichwani, kelele zikarudi nyumbani, na ushago hakuna aliyeutaja tena.

Wakati ule nilijiona mtu mkubwa sana, askari wa munyu. Nilidhani kazi ngumu ni yangu. Sasa nimezeeka, nina kiburi changu, najua inavyouma kumwuliza mtoto jambo ambalo wewe ndiwe uliyepaswa kumfundisha. Kukhu alikuwa amezika baadhi ya watoto wake. Aliwahi kufukuza wanaume shambani mwake kwa jembe. Hakuwa mtu wa kuomba, hata maji ya kunywa alijichotea. Lakini kila Jumamosi aligeuza ile shingo yake ngumu akaniuliza, na hata nyumba ilipojaa wageni, hakunong'ona.