Mmea Ulioitwa Dawa

Rusimbi nzima, hapa Kigoma, inajua kwamba mimi nikitoka nje ya uzio wangu, ama kuna msiba ama sukari imekwisha. Kwa hiyo mambo ya watu hunifuata nyumbani.

Miaka ile wakimbizi wakishuka kwa boti kutoka Kagunga mpakani, chumba chetu cha uani tulimpa mama mmoja Mrundi. Alikuja na mbegu kwenye pindo la kitenge, zimechanganyika: maharage, maboga, na nyingine alizozikomba jikoni kwao bila kuangalia. Akazipanda zote. Maharage tukala, maboga tukala. Ukabaki mmea mmoja, ukanipita urefu, majani mapana yenye harufu nzito. Mwenyewe hakuujua.

Mimi na kidato changu cha nne nikasema ni tumbaku. Mume wangu akakausha jani, akavuta, akakohoa mpaka machozi.

"Baiolojia ulifundishwa na nani, mke wangu?"

Jirani yetu, mama mtu mzima mzaliwa wa Kalinzi, akatangaza bombani kuwa ni dawa, Mrundi anauroga mtaa. Kwamba chumba kile alikitaka kwa mpwa wake, hilo hakulitangaza.

Mwenyekiti wa mtaa akaja na panga, jirani nyuma yake. Mmea ung'olewe, mgeni apelekwe kambini.

"Shikamoo, mwenyekiti," nikasema, maana hasira haikunifutia adabu. "Mmea una kosa gani?"

"Haujulikani."

"Hata wewe ulipohamia hapa hukujulikana."

Tukiwa tunabishana, mgeni wangu akafunua majani. Katikati ya matunda mabichi kulikuwa na moja jekundu, umbo la yai. Akalichuma, akalipasua, akanusa.

"Kinyomoro," akasema. "Kwetu tulikuwa tunanunua sokoni. Mti wake sijawahi kuuona."

Akala nusu, nusu akampa mwenyekiti. Naye akatafuna.

"Ah, hayo," jirani akasema. "Kwetu Kalinzi yamejaa."

Nikamgeukia. "Yamejaa?"

"Tele."

"Na mti wake unaufahamu?"

Akaanza kujifunga kanga upya.

Mwenyekiti akalitia panga kwapani, akaondoka bila hata pole. Matunda mengine yalipoiva, mgeni akawapelekea mwenyekiti na jirani, makubwa makubwa. Nikamwambia kuwa jirani hastahili hata ganda.

"Dada," akanijibu, "chumba ni chako. Mti ni wangu."

Nikaingia ndani kununa, kazi ninayoimudu.