Uhamisho wa Kuombwa

Mjini kila mtu alimwita Fundi, na mumewe wakamwita Mume wa Fundi. Alikuwa na chumba cha kushonea kando ya barabara, na wateja waliokaa kwenye benchi wakipiga soga hata kama nguo zao hazijaguswa. Kwa hiyo mumewe aliporudi kutoka kazini akasema kampuni ya maziwa imemhamishia milimani, hakulia mbele yake. Alikwenda kufunika cherehani, akalia huko.

"Wameniambia nikubali au niache kazi," mume alisema. "Ningefanyaje?"

"Hukuwa na la kufanya, baba watoto. Tutakwenda."

Milimani ukungu uliingia hadi jikoni. Nguo zilishinda kwenye kamba zikarudi ndani mbichi, zikamaliziwa kukaushwa kwenye viti karibu na jiko. Watoto wawili walilala na soksi, wakigombania nani akae katikati. Mama mkwe, aliyehama nao, alijifunga mablanketi akaapa kwamba miguu yake ameisahau mjini. Fundi alicheka, akamshonea soksi nene kwa vipande vya blanketi kuukuu. Jioni aliipakata miguu ile akaisugua mafuta. Mama yake mzazi alishafariki. Huyu ndiye pekee aliyebaki wa kumwita mama.

Wateja hawakuwapo. Nyumba zilikuwa mbalimbali na watu walivaa mitumba. Cherehani ikakaa sebuleni, imerundikiwa masweta. Kila alipotaka kunung'unika alijikanya: mumewe naye kalazimishwa, asimwongezee mzigo. Akawa anaamka kabla yake kumchemshia maji ya kuoga.

Jumapili moja meneja wa kituo cha maziwa akaja kuwasalimu. Alikuwa mtu mchangamfu, akishika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

"Shemeji, mumeo ametuokoa," alisema. "Mafundi wa mitambo wakiletwa huku wote wanapata pumu ghafla. Huyu aliomba mwenyewe. Makao makuu wakamkatalia, akaomba tena."

Mume alikuwa ameinama akimfunga mtoto kamba za viatu. Hakuinua uso.

Fundi alimwongezea mgeni chai. Baadaye akamsindikiza hadi barabarani, akamshukuru kwa kuwatembelea, akarudi.

"Ni kweli?"

"Nilikuwa nitakuambia."

"Lini?"

Mume akakaa. "Mjini nilikuwa nani mimi? Mtu akibisha hodi, anakuulizia wewe. Mwenye nyumba anaongea na wewe. Hata wanangu ni watoto wa Fundi. Nilitaka pahali ambapo mtu akija, amenifuata mimi."

"Ungeniambia hivyo, ningekusikiliza."

"Ungekataa."

"Labda. Lakini wewe uliniacha nikuonee huruma. Asubuhi zote hizi na maji yako ya moto."

Akamgeukia mama mkwe, akitafuta mtu wa upande wake. "Mama, umemsikia mwanao?"

Mama mkwe akavuta blanketi hadi kidevuni. "Nilimwambia akueleze, mwanangu. Akanikataza nisiingilie."

"Ulijua kabla hatujafunga mizigo?"

Bibi huyo akainama kuvuta soksi alizoshonewa. Hapo ndipo Fundi alipokatika maini. Kwa lile la mumewe aliweza kugombana. Hili hata hakujua pa kulishikia.

Hakufungasha siku ile, kwa sababu watoto walikuwa katikati ya masomo. Alipika, akafua, na miguu ya mama mkwe aliendelea kuisugua, ila kimyakimya. Maji ya kuoga mume akawa anajichemshia. Mwaka wa shule ulipoisha, Fundi akamwambia mumewe kwamba yeye na watoto wanarudi mjini.

"Na mimi?" mume aliuliza.

"Wewe una kazi uliyoiomba."

Mama mkwe alilia mlangoni. Fundi alimwinamia akamkumbatia, kisha akainua mzigo wake.

Mjini chumba chake alikuta kimechukuliwa na kinyozi. Akaanza upya kwenye nusu ya baraza, akipanga vitambaa juu ya boksi. Wateja walipouliza kulikoni, alisema baridi imewashinda.

Mume huja akipata nafasi, na watoto humrukia. Juzi alikuja akiwa amekonda kidogo, akala akamaliza, kisha akasema, "Nimeomba uhamisho wa kurudi huku."

"Vizuri," Fundi alisema, akatoa sahani. Kisha akatoka uani na simu, akampigia meneja kumuuliza kama ni kweli.