Bahari Niliyodai Kuijua

Harufu ya karafuu zilizoanikwa juani ndiyo iliyotawala kijiji chetu cha Kinole mwaka ule nilipokuwa darasa la tano. Mikeka ilitandazwa kila uwanja, na ilipofika saa sita mchana harufu ilikuwa imepanda hadi madirishani mwa shule, ikachanganyika na ya mdalasini uliobanduliwa asubuhi, mpaka daftari zetu zikanukia kama sufuria ya pilau. Katikati ya msimu huo Mwalimu Mkude, aliyetufundisha jiografia, aliweka chaki chini na kusema amechoka kutuchorea bahari ubaoni. Shule ingetupeleka Dar es Salaam, tulale huko katika madarasa ya shule moja, na kesho yake tupande boti kwenda kisiwani, tushinde huko kutwa nzima. Darasa zima lilipiga madawati kwa furaha. Halafu, mmoja mmoja, wenzangu wakageuka kunitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiijua bahari.

Ukweli ni kwamba sikuijua. Baba yangu aliendesha lori la machungwa, na likizo moja alinichukua hadi Dar es Salaam. Tulifika sokoni kabla jua halijachomoza, tukashusha mzigo, nikanunuliwa soda, kisha nikalala juu ya magunia matupu hadi tuliporudi kijijini. Bahari sikuiona hata kwa mbali. Lakini shule ilipofunguliwa, Fortunata, niliyekaa naye dawati moja, aliniuliza swali la kwanza kabisa, "Bahari uliiona?" Alikuwa ameegemeza kidevu mikononi, macho yamemtoka, na mimi sikuwa na moyo wa kumwambia niliona magunia. Nikasema niliiona. Siku iliyofuata nikasema niliiogelea. Mwalimu alipotufundisha kwamba maji ya bahari yana chumvi, Fortunata alinigeukia kwa mashaka, na nikamnong'oneza kwamba chumvi iko pwani tu, ambako watu wanachafua. Ukienda mbali, karibu na visiwa, maji ni matamu na baridi kuliko ya mto wetu. Aliniamini. Fortunata alikuwa mtu wa kuamini kwa moyo wote, na ndiyo maana nilimpenda, na ndiyo maana ilikuwa rahisi kumdanganya.

Siku ya safari alikuja amebeba dumu dogo la lita tano, limesuguliwa kwa mchanga hadi likang'aa. Nilimuuliza la nini. Alisema bibi yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo, hajawahi kufika pwani na miguu yake haimruhusu tena, kwa hiyo atamchukulia yale maji matamu ya visiwani anywe. Njia nzima kutoka Kinole, basi likizunguka kona za milima, migomba ikipungua na joto likizidi, nilijaribu kufungua mdomo nimwambie. Lakini wenzetu walikuwa wanaimba, wengine wanagombea dirisha, na mimi mwenyewe, pamoja na hofu yangu yote, nilikuwa na furaha isiyotulia mwilini. Tulipofika Morogoro mjini nilijiambia nitasema Chalinze. Tulipofika Chalinze nilijiambia nitasema kesho.

Kesho ilipofika, tuliiona. Tulishuka kwenye kijia chenye mchanga, tukapita ukuta wa hoteli, na pale mbele hapakuwa na mwisho wa kitu chochote. Sisi ni watu wa milimani, kila tulipotazama tangu kuzaliwa kulikuwa na mteremko au kilele cha kuzuia macho. Darasa zima lilisimama bila amri ya mwalimu. Deo, mkorofi kuliko wote, alivua kofia yake kama anaingia kanisani. Mimi nilitaka kupiga kelele, lakini niliyedai kuijua bahari sikuruhusiwa kushangaa. Nikasimama nimekunja mikono, nimekaza uso, huku moyo ukinidunda masikioni. Kati ya mambo yote ninayojutia siku ile, hilo limo.

Tulivishwa majaketi ya kuokolea maisha, ya rangi ya machungwa, makubwa hadi magotini, tukapangwa wawili wawili tushikane mikono ili tuhesabike kwa urahisi. Mwenzangu alikuwa Fortunata. Tuliingia majini hadi kiunoni kuifikia boti, mabaharia wakatunyanyua mmoja mmoja kama vikapu vya nanasi. Injini iliponguruma na pua ya boti ikainuka, tulipiga ukelele ambao nahodha alisema utawaamsha samaki. Maji yaliturukia usoni. Rangi yake ilibadilika, kijani kwanza, halafu buluu, halafu buluu nyingine ambayo hakuna kalamu yetu iliyokuwa nayo. Katikati ya safari nahodha alipunguza mwendo ili mwalimu atuonyeshe miamba iliyoonekana chini kama bustani. Hapo Fortunata akatoa kikombe mfukoni, akainama ubavuni mwa boti akachota. Nilikuwa na muda wa kumzuia. Niliona kikombe kikipanda kuelekea mdomoni, na nikanyamaza.

Alikunywa funda kubwa, la mtu asiye na wasiwasi. Kisha akageuka akatema, akakohoa hadi machozi yakamtoka. Wengine walicheka wakidhani ni bahati mbaya. Yeye hakucheka. Alipangusa mdomo, akanitazama kwa muda mrefu, akasema taratibu, "Ni chumvi." Kisha akautoa mkono wake mkononi mwangu, na boti ilipofika kisiwani alishuka peke yake.

Kisiwa kilikuwa na kila nilichokisimulia na zaidi. Mchanga ulikuwa mweupe wa kuumiza macho, kaa wadogo walikimbia kiubavu wakatumbukia mashimoni, na kwenye vibanda vya makuti akina mama walikaanga samaki na mihogo. Darasa lilitawanyika majini likipiga mayowe. Fortunata alikaa kivulini na dumu lake tupu kati ya miguu. Nilizunguka kisiwa kizima nikitafuta la kumwambia, nikarudi bila kitu. Mwishowe nikakaa karibu naye.

"Na kuogelea?" aliuliza bila kunitazama.

"Siwezi."

"Na ile meli uliyosema uliipungia mkono?"

"Hakukuwa na meli. Hata bahari sijawahi kuiona. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Hapo aligeuka. Nilingoja aondoke, au amwite Deo atangaze. Alinichunguza usoni kama anayetafuta uongo mwingine uliojificha nyuma ya huo.

"Kwa hiyo umeiona leo, kama mimi."

"Kama wewe."

"Na unaiogopa?"

"Sana."

Alisimama na kupangusa mchanga kwenye gauni. "Basi twende," alisema.

Sijui niseme nini juu ya saa zilizofuata. Wimbi la kwanza lilituangusha wote wawili, tukaibuka tumeshikana nywele. Baharia mmoja alitufundisha kulala chali juu ya maji, kiganja chake kikiwa chini ya mgongo, na alipokiondoa nilibaki nikielea, nikitazama mbingu, masikio yamezama, nisisikie chochote ila pumzi yangu. Alituazima miwani ya kuzamia, tukapokezana. Samaki wenye mistari ya njano walipita mbele ya pua yangu bila kunijali. Safari hii nilipiga kelele, humo humo majini, nikanywa chumvi hadi nikakoma. Mchana, Mwalimu Mkude alipomtaka kila mmoja aseme alichojifunza, nilisimama nikaliambia darasa lote ukweli. Walicheka mpaka wakalala mchangani, na Deo akanipa jina la Maji Matamu, lililonifuata hadi darasa la saba. Mwalimu hakunigombeza. Alisema tu, "Kaa chini, ule samaki wako." Kabla ya kupanda boti Fortunata alijaza dumu lake vilevile. Bibi yake alionja kwa ncha ya kidole, akakunja uso, akacheka, kisha akaomba beseni akaloweka miguu humo hadi giza likaingia.

Fortunata ni muuguzi sasa, na mimi ninaishi Dar es Salaam, karibu kabisa na bahari ile. Watoto wa Kinole siku hizi wanaitazama kwenye simu kabla hawajajua kusoma. Hakuna anayeweza kuwatungia bahari, na hilo ni jema. Nimevuka kwenda kisiwani mara nyingi, na kila mara nashangaa jinsi mwendo ulivyo mfupi. Binti yangu amecheza ufukweni tangu alipojua kukaa. Juzi nilimuuliza kama anakumbuka siku ya kwanza alipoiona bahari. Alifikiri kwa muda, akasema ilikuwepo tu siku zote, akaendelea kuchimba mchanga. Sikumwonea huruma, wala wivu. Lakini nilikaa pale nikimtazama, nikajua kwamba mimi nina siku moja ambayo yeye hana, na kwamba karibu niipoteze kwa kujifanya nimeshaiona.