Tano Thelathini Nilizompa Suji

Wenye kucheka chekeni mapema mmalize, maana mimi kisa hiki nikikikumbuka hadi leo natamani kujifunika kanga usoni.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, mitumba imejaa Arusha nzima na wageni wa kila namna wanaingia, ndipo usharika wetu ukapokea wanafunzi wa chuo kikuu kutoka Korea wakae majumbani kwetu mwezi mzima. Mimi nikapewa Suji. Niliishi mtaa wa Sakina na mdogo wangu Neema (wazazi walishafariki, nami kwa kuwa ndiye mkubwa niliacha shule darasa la tano ili nimlee), na Suji akawa kama mdogo wangu wa pili: kikombe anapokea kwa mikono miwili, anafua nasi bombani, shikamoo ananipa hata tukikutana mlangoni mara ya nne. Alitamani kubaki mwaka mzima afundishe chekechea, lakini profesa wao angemwacha mmoja tu, baada ya kupima nani ana tabia ya kuweza kuishi na watu wa utamaduni mwingine.

Kipimo chenyewe kilikuwa dodoso la Kiswahili, mistari thelathini, mwenyeji ajaze: moja ni hapana kabisa, tano ni ndiyo kabisa. Kusoma najua, jamani, sema nasoma polepole, na siku hiyo ndizi zilikuwa jikoni na kikao cha kurudisha karatasi hizo kinaanza saa nane. Nikasema mgeni wangu hapewi pungufu. Nikazungushia tano, tano, tano, mpaka chini.

Ukumbini Levolosi, mkalimani, kijana msomi wa miwani, akaishika karatasi yangu, akakunja uso, akasoma kwa sauti mbele ya familia zote.

"Anafurahia chakula cha wenyeji, tano. Anadharau chakula cha wenyeji, tano." (Kumbe mazuri na mabaya walikuwa wameyachanganya makusudi, kuwanasa watu kama mimi.) "Dada, inawezekanaje? Ulisoma kweli, au tukutafutie mtu wa kukusomea?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Mwacheni jamani, shule yenyewe aliiona kwa mbali."

Hapo ndipo ningesema sikusoma, nilikuwa na haraka, nipeni nyingine. Basi. Lakini kicheko kile kilinipata palepale penye darasa la tano, nikasimama, shingo juu:

"Nimesoma yote. Mezani anafurahia. Akiingia chumbani anatucheka."

Kicheko kikakatika. Suji alishajua Kiswahili cha kutosha. Hakulia, aliinamisha kichwa tu, vile vile anavyoniamkia. Akachaguliwa mwingine.

Asubuhi ya kuondoka aliosha kikombe chake, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Dada, nilicheka lini?"

Nikamwambia gari linamsubiri.

Neema hakunisemesha siku tatu. Ya nne akaniuliza, "Si ungesema tu hukusoma? Nani hajui uliacha shule kwa ajili yangu?"

Sasa karatasi yoyote ikiletwa, hata risiti ya duka, nasoma mstari kwa mstari kwa kidole, ndizi ziungue zikitaka. Nikikwama nauliza, mbele ya yeyote, na anayecheka namwacha acheke. Nimejiapiza hivyo. Ila aliyestahili kunisikia nikisema "sikusoma" alishapanda gari, na mimi nilibaki mlangoni na kikombe chake, kimeoshwa safi.