Sungura Namba Tisa na Mkono Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini sikusema neno zaidi ya shikamoo na jina langu. Nilishuka kwenye njia panda ya Lusahunga, malori ya kwenda Rusumo yamejipanga barabarani kama ng'ombe mnadani, nikapanda pikipiki mpaka kituo cha utafiti wa wanyama upande wa Nyakahura. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Sasa nimechaguliwa kidato cha tano na kazi nimeiacha. Naandika haya kwa ajili yenu wadogo zangu mtakaoitwa kushika sungura baada yangu. Chekeni kidogo kwamba mstaafu ana miaka kumi na minane, halafu sikilizeni.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Mtunza Banda, Mzee Bukuru, Mhangaza mwenzangu aliyebakiza miezi michache astaafu.

"Unaitwa nani, mjukuu?"

"Adventina." Nilisema chini chini, nikiangalia viatu vyake.

"Sauti ndogo. Vizuri. Sungula hapendi kelele." Alisema hivyo hivyo, sungula, na baada ya wiki moja na mimi nikajikuta nasema hivyo.

Alinifundisha kuosha vizimba kabla jua halijawa kali, na kutazama mavi kabla ya kutazama macho, kwa sababu sungura akiumwa, mavi hupungua kwanza. Alinionya nisimwinue yeyote kwa masikio. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, maana akipiga teke akiwa hewani anaweza kujivunja mgongo mwenyewe.

Mwezi wa pili nilihamishwa kikazi, mwendo wa hatua ishirini, kutoka bandani kwenda chumba cha kipimo. Huko bosi alikuwa Daktari, mama mrefu wa Biharamulo ambaye hakupenda maneno mengi. Mashine yake ilikuwa ultrasaundi, ileile wanayopimiwa kina mama wajawazito, ila ya kubebeka. Hutuma sauti ambayo sikio halisikii, sauti ikigonga kitu hurudi, na mashine huchora pale ilipogonga. Sisi tulitafuta kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Sungura akivuta pumzi kiwambo hushuka na kunenepa, akiitoa hupanda na kuwa chembamba. Kwenye kioo kinaonekana kama mistari miwili myeupe yenye giza katikati. Daktari alitaka kujua msuli huo unavyokua kwa sungura wadogo wenye afya, ili siku akiletewa mgonjwa ajue tofauti.

Dawa ya usingizi hatukuwapa, kwa kuwa hulegeza msuli. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea mshikaji. Tunanyoa manyoya kidogo chini ya mbavu za kulia, tunapaka jeli, Daktari anaweka kipimio, kile kichwa cha mashine kinachogusa ngozi, mimi nashika. Sungura akiogopa anapumua mbiombio na picha inaharibika. Mikononi mwangu walitulia. Daktari aliwahi kumwambia Mzee Bukuru, mimi nikisikia, "Huyu binti ana mikono." Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu mara tatu.

Niseme ukweli, namba tisa nilimpenda kuliko wenzake. Alikuwa wa kijivu, sikio moja limelala, na alitetemeka hata kizimba kikifunguliwa taratibu. Yeye peke yake nilimshika kama tunavyobeba kuku kwetu Kanazi. Unambana kwapani, kiganja unakipitisha chini ya tumbo na kukaza kidogo, na kuku ananyamaza kimya mpaka sokoni. Namba tisa naye alinyamaza, na macho ya Daktari yalikuwa kwenye kioo. Niliona nimepata dawa yake.

Wiki ya nane ya vipimo Daktari aliweka karatasi mezani. Kiwambo cha namba tisa hakishuki kama cha wenzake, tangu mwanzo. Msuli dhaifu.

"Ijumaa tutamlaza," alisema. "Nahitaji kuutazama huo msuli kwa hadubini."

Kulazwa kule hakuna kuamka. Nilijibu, "Sawa, Daktari." Nikaenda kuosha vizimba vilivyokuwa tayari visafi.

Alhamisi ilikuwa gulio la Nyakahura. Bibi alikuwa ameniagiza kuku wa kutaga, nikamnunua, nikambana kwapani kama kawaida. Njiani nilimsikia akisukuma kiganja changu. Anasukuma, ananyamaza, anasukuma tena. Nikalegeza mkono, na mwili wake wote ukajaa pumzi ndefu. Nilisimama hapo hapo barabarani mpaka mwenye baiskeli akanipigia kengele, "We dada, umeota mizizi?"

Kuku alikuwa ananyamaza kwa sababu hana nafasi ya kupumua vizuri. Na namba tisa je?

Wadogo zangu, kutoka sokoni mpaka kituoni niliipanga sentensi moja, na nilipofika mlangoni ikapotea. Nilijua nikisema, wiki nane za kazi ya mtu zinaharibika, na nitafukuzwa. Nilijua pia kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua kamwe. Niliingia na kuku wangu.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Hiyo kuku ni ya nani?"

"Ya Bibi. Daktari, namba tisa…"  Nikambana kuku mbele yake, nikamwonyesha kiganja kilipokuwa. "Yeye namshikaga hivi. Wengine hapana. Yeye tu."

Alitazama kiganja changu.

"Wiki nane," alisema polepole, "nimekuwa napima mkono wako?"

"Ndiyo, Daktari. Nisamehe."

"Mlete."

Mzee Bukuru akamleta, tukamlaza juu ya taulo, yeye akamfunika macho kwa kitambaa na kumsemesha Kihangaza taratibu. Mimi nilisimama mbali. Kwenye kioo mistari miwili ikashuka, ikapanda, ikashuka. Kama ya wenzake wote. Daktari akachukua kalamu nyekundu akakata safu nzima ya namba tisa, wiki ya kwanza mpaka ya nane. Kisha akachana ile karatasi ya Ijumaa.

"Kesho unarudi bandani," aliniambia. "Atakayeshika ni Mzee."

Nilistahili. Nililia chooni, lakini si sana.

Nilimaliza utumishi wangu nikiosha vizimba. Siku ya mwisho ilikuwa moja na ya Mzee Bukuru. Yeye alipewa shuka na soda, mimi nikapewa soda. "Tumestaafu pamoja, mjukuu," alisema, "ila wewe magoti bado mapya." Tukiwa bado tunacheka, Daktari akaniita chumba cha kipimo. Namba tisa alikuwa juu ya taulo.

"Mshike wewe."

Nilimfunika macho, nikamsemesha, nikarudi nyuma hatua moja.

"Mikono yako iko wapi, binti?"

"Mgongoni kwangu, Daktari."

Akatabasamu, mara ya kwanza kumwona akitabasamu. Mistari ikashuka, ikapanda. Akachapa ile picha kwenye karatasi ndogo ya mashine, akanipa.

Jioni, Kanazi, Bibi aliigeuza ile picha juu chini, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akanitazama kwa wasiwasi.

"Adventina. Nani ana mimba?"

"Hakuna, Bibi. Ni sungura. Hapo anavuta pumzi."

 Bibi akalegeza vidole, akaishika ile karatasi kwenye ncha tu, asiibane.