Cheti cha Tano

Wiki nzima mnanisumbua nieleze habari za binti wa marehemu mdogo wangu wa kike, kana kwamba sina kazi nyingine. Haya, naandika mara moja tu, na atakayechoka njiani shauri yake.

Huyo binti alikuwa muuguzi wa zahanati miaka ishirini na miwili. Daktari alifika Jumatano tu. Na kwa kuwa sheria ilimkataza muuguzi kuandika dawa, daktari alikuwa akimwachia vyeti vitano vya dawa, vitupu, vimeshatiwa sahihi, vya kuvushia wiki. Wagonjwa hawakujua hayo. Kwao daktari ni yeye.

Wiki ya mkasa huo cheti cha tano kiliisha Jumamosi, kwa kikohozi cha mwalimu mkuu mstaafu, aliyefoka mlangoni mpaka akapewa. Jumatatu saa mbili asubuhi seremala akamleta mkewe, siku ya sita tangu ajifungue, mwili unawaka moto. Muuguzi alimgusa tumbo, akajua ni homa ya uzazi. Dawa ilikuwemo kabatini, ila haitolewi bila cheti. Akampigia daktari, simu imezimwa. Akavuka barabara kwa mfamasia, labda yeye ataitoa, naye akasema dawa hiyo anaijua kama jina la mama yake, ila kuitoa bila cheti ni kufungiwa duka. Gari la hospitali kubwa wakaambiwa linakuja, wakaambiwa tena linakuja.

Mama mkwe wa mgonjwa alikaa sakafuni, kichanga mapajani.

"Mwanangu, ufunguo si huo kiunoni mwako?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa unamsubiri nani?"

Saa nane mchana akafungua kabati, akamchoma sindano. Saa kumi na moja mke wa seremala akakata roho.

Wakubwa walikuja wanne na mafaili yao. Hakuna aliyeuliza kwa nini dawa ilichelewa saa sita. Waliuliza nani aliiruhusu. Akasema ukweli wote, hata wa vile vyeti. Daktari akahamishwa; yeye akavuliwa sare. Sasa anashinda kwangu akichambua mchele uliokwisha chambuliwa, na jirani akija na homa anajifungia chumbani. Nimemgombeza, nimembembeleza, naongea na ukuta. Juzi akaniambia, "Mama mkubwa, kama nisingegusa lile kabati, leo ningekuwa kazini."

Wewe uliyesoma mpaka hapa una mkono mwepesi kuliko wangu. Usinipe pole. Chukua kalamu leo hii, uwaandikie wanaotunga sheria: muuguzi aandike dawa, na mfamasia naye aandike.