Viti Vinane vya Barabara ya Sur

Bati lililopigwa na jua tangu asubuhi lina harufu yake, na ikichanganyika na iliki na chapati za mafuta mimi hurudi kuwa na miaka kumi, hata nikiwa katikati ya mkutano wa kazini. Mgahawa wa baba ulikuwa Omani, nje ya mji wa Ibra, kando ya barabara iendayo Sur, miaka ya tisini. Ulikuwa mrefu na mwembamba kama behewa la treni, umevishwa bati linalong'aa, na juu ya paa lilisimama dele, birika la kahawa, kubwa kuliko mtu, ili madereva wa malori walione kutoka mbali. Baba, mzaliwa wa Unguja, hakupata kufika Marekani. Migahawa ya barabarani ya huko aliiona kwenye kalenda aliyopewa alipokuwa mpishi katika kambi ya mafuta, akajenga alichokiona: kaunta ndefu, na mbele yake viti vinane vya duara, vyekundu, vinavyozunguka, miguu yake imezikwa kwenye saruji.

Kasoro ilikuwa moja. Aliyeketi huupa mlango mgongo, na kwetu mtu akiingia huinukiwa, hupewa mkono na kila aliyepo. Basi kila dereva aliyeingia aliwashusha wenzake vitini, wakasalimiana, wakapanda tena, na chai ikapoa. Baba aliita hayo mazoezi.

Kisha ikaja habari ya kupanua barabara. Mhandisi angeweza kula upande wetu au upande wa pili, palipokuwa na ghala tupu, na alisema atamsikiliza Shekhe Hamud, mzee wa mtaa aliyekulia Ujiji, ambaye hakuwahi kutia mguu kwetu. Wangekuja pamoja Jumatatu. Baba alikuwa ameacha kazi kwa ajili ya lile bati. Wiki ile hakula, alilisugua tu. Nami, msomi wa darasa la nne, nikasimama mbele ya kalenda nikamshauri.

"Baba, tazama. Hakuna aliyeinuka. Ndiyo maana panaonekana pa maana."

Sijui kwa nini watu wazima huwasikiliza watoto wanaosema kwa uhakika. Chuo kikuu baadaye kilinipa cheti cha tabia hiyo hiyo. Baba akawaomba madereva siku hiyo wakae walivyo, wasitikisike.

Shekhe aliingia, akatoa salamu. Migongo minane ikaitikia. Niliona goti la dereva wa mwisho likicheza, vidole vikikamata ukingo wa kaunta. Mkono wa Shekhe ulikuwa umeshanyooka nusu, ukabaki hapo.

"Nasoro," alimwambia baba taratibu, "hawa umewafunga, au wagonjwa?"

"Ndio mtindo wake, Shekhe. Wa Marekani."

"Hata punda wangu hugeuka nikiingia."

Baba akasema, inukeni jamani, na wote wakageuka kwa pamoja, magoti yakagongana, bilauri ikaanguka. Lakini heshima iliyoagizwa ilikuwa imeshachelewa. Baba akamimina kahawa. Mhandisi akanywa finjani mbili, akatikisa ya tatu kuonyesha ametosheka. Shekhe akaitazama yake, hakuigusa. Mgeni akiiacha kahawa kwetu amekwisha sema yote. Alama nyekundu ya kubomolewa ilichorwa kwenye ukuta wetu kabla ya Ijumaa.

Baba hakunilaumu. Aliniuliza tu kama kwenye ile kalenda palikuwa na mtu anayeingia. Nikaenda kutazama. Mlango haukuonekana kwenye picha. Siku ya kuvunja, viti viligoma kung'oka ikabidi vikatwe kwa msumeno wa chuma, na nadhani visiki vyake vinane vingali chini ya lami.

Juzi nilikuwa Aija, ng'ambo ya hori la Sur, kwenye mgahawa uliofunguliwa ndani ya nyumba ya zamani ya mfanyabiashara. Wameweka kaunta na viti vyekundu vya duara vilivyoagizwa kutoka ng'ambo, na ukutani picha ya mgahawa wa Marekani, imewekewa fremu na taa yake. Vijana huja kupiga picha. Nimeketi, nikasikia salamu nyuma yangu: bibi mmoja mwenye bakora. Vichwa vilibaki kwenye simu. Mimi nikazunguka, nikashuka, jambo ambalo kwa magoti yangu linataka mipango, nikampa mkono.

"Khalati, umemaliza?" binti wa kaunta akaniuliza, akiniita mama mdogo kwa Kiarabu, ameshashika kikombe changu.

Nikamwambia bado. Chai ilikuwa imepoa. Nikapanda tena, nikaupa ukuta wenye picha mgongo, nikainywa nikiutazama mlango.